Plagi Isiyo na Waya

Lenah Karwirwa hakuweza kuvumilia kuona kitu kikikaa bila nguo. Redio ya ofisi aliivalisha kitambaa cheupe chenye maua ya waridi. Simu aliifumia kofia. Chupa ya chai ilikuwa na sketi, na hata kikapu cha takataka, ambacho kwa maoni yangu hakikustahili heshima yoyote, kilipata utepe wa kijani ukingoni. Siku moja nilimuuliza kama ng'ombe wa mama yake kule Kanyakine nao wanavaa sweta. Alinijibu bila kuinua macho kwamba wa kwao hawahitaji, ila wa huku Embu wangevaa wangeficha mbavu.

Tulitaniana hivyo miaka mitatu, yeye akiwa karani wangu. Yeye Mmeru, mimi Mmbeere wa upande wa Kiritiri, niliyefundisha shule ya msingi miaka ishirini na miwili kabla ya kupewa ofisi. Watu waliniita Mwalimu Gichovi, na nakiri kwamba ualimu haukunitoka. Nilizoea kuongea na kusikilizwa. Mtu akinikatiza, mkono wangu bado ulikuwa unatafuta chaki ya kumrushia.

Lenah alikuwa binti wa tatu wa mkulima wa kahawa. Mama yake alifuma vitambaa vya kuuza siku za soko, naye akajifunza akiwa bado anatambaa kuokota uzi ulioanguka. Baada ya kidato cha nne alipelekwa chuo cha kupiga chapa mjini Meru, chumba kimoja juu ya duka la mbolea, wasichana thelathini na taipureta kumi na mbili. Zamu yake ilikuwa mara mbili kwa wiki. Siku nyingine alichora herufi zote kwa chaki juu ya ubao wa kukatia mboga, akafanya mazoezi hapo, na alipofika kwenye mtihani aliwapita waliokuwa na mashine nyumbani. Aliolewa Embu na Muriuki, dereva wa lori la shule moja ya bweni, wakapanga nyumba mtaa wa Majimbo, wakapata Munene na Caroline.

Ule ubao wa chaki ulimwachia tabia moja. Kila kitu Lenah alikichora kabla ya kukigusa. Alikuwa na daftari la hesabu, lile lenye miraba midogo, ambalo wanawake wanaofuma hulitumia kuhesabia mishono: mraba mweusi ni mshono uliojaa, mraba mweupe ni tundu. Humo mlikuwa na maua, ndege na mistari, lakini pia cherehani ya jirani alivyoiona kabla ya kuifungua, na jiko la mafuta, kila utambi mahali pake. Niliwahi kulichungulia nikacheka. Nilimwambia mtu mzima hachori jiko.

Sasa nieleze kazi yetu. Mradi ulikuwa mdogo: vyumba viwili vya kupanga mjini Embu na ghala lenye rafu. Tulikusanya mbegu za zamani kutoka nyanda kavu za Mbeere, mawele, mtama, kunde na pojo, zile ambazo akina mama walirithi kwa mama wakwe zao na ambazo zilianza kupotea kwa sababu kila mtu alikuwa anakimbilia mahindi. Kila mama alileta vibaba viwili, tukavikausha, tukavitia ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, tukafunga kwa nta na kubandika namba. Namba tu. Mengine yote Lenah aliyaandika: mbegu inaitwaje, alikupa nani, inaiva kwa wiki ngapi, inataka udongo gani, ndege wanaipenda au wanaikimbia. Alikaa na mama mmoja hata saa mbili. Mimi nilikuwa napita na kukohoa ili wamalize.

Na ni lazima ujue kwamba mawele ni mawele. Tulikuwa na mikebe kumi na minne ambayo ukimwaga mezani huwezi kutofautisha punje na punje. Ya mkebe mmoja inaiva kwa wiki tisa, ya mwingine inataka kumi na tano. Mahali ambapo mvua inanyesha majuma machache kisha inaaga, hiyo ndiyo tofauti ya kula na kulala njaa.

Yote hayo yalikuwa kwenye kompyuta, au tuseme pembeni mwa kompyuta. Ile mashine tuliyopewa na wafadhili ilikuwa na tumbo dogo, ikajaa upesi. Mwaka wa tisini na sita tukaletewa diski ya nje, kisanduku cha kijivu chenye ukubwa wa mkate, kilichounganishwa nyuma kwa waya mnene kama mkia wa mbuzi. Fundi aliyekuja kukifunga aliitwa Kaberia, kijana mpole aliyekuwa anapitia Embu akienda kwao Laare. Kisanduku kilikuwa na matundu mawili kwa nyuma. Katika tundu moja aliingiza ule waya. Katika la pili aliingiza plagi ndogo isiyo na waya wowote, ikabaki imechomoza pale. Alimweleza Lenah kazi yake kwa kituo. Mimi nilikuwa chumba hicho hicho, lakini nilikuwa nabishana na mwenye nyumba kuhusu paa, sikusikia neno.

Paa lenyewe lilikuja kutuonyesha. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka wa tisini na saba zilipita katikati ya mabati na kuyalowesha madaftari yote ya mbegu ambayo Lenah alikuwa ameyaandika kwa mkono. Wino ulitiririka, kurasa zikashikana, yakaota ukungu. Tuliyachoma kwenye shimo la takataka. Nakumbuka nilisimama pale na kusema kwa sauti ya kujivuna kwamba hakuna hasara, tunacho kisanduku. Huko Mbeere mvua hizo hizo ziliozesha nafaka ghalani, mbegu na chakula pamoja. Kwa hiyo mvua za Oktoba mwaka uliofuata zilipokaribia, akina mama walituma habari kwamba wanakuja kuchukua mbegu zao walizotuwekea. Tuliwaambia Alhamisi ya tarehe nane.

Juma moja kabla ya siku hiyo tulipata wageni, wafadhili kutoka Nairobi. Asubuhi nilizunguka ofisi nikinyoosha hiki na kile. Lenah alikuwa amemaliza kufuma kitambaa kipya cha kisanduku, cheupe chenye nyota za buluu, kizuri kwa kweli. Lakini hakikukaa vizuri. Ile plagi isiyo na waya ilikuwa inakishika kwa nyuma na kukiinua upande mmoja, tena ilizuia kisanduku kusogea ukutani. Niliitazama. Haikutoka popote wala haikwenda popote. Nikaichomoa, nikasukuma kisanduku ukutani, nikalaza kitambaa, nikaitupa plagi ndani ya mkebe wa biskuti. Kila nyumba ina mkebe kama huo, wa vifungo, funguo zisizo na kufuli na shanga zilizokatika. Lenah alikuwa mlangoni na trei ya vikombe. Aliniona. Wageni wakaingia, nikasahau jambo hilo kabla chai haijapoa.

Ijumaa kisanduku kilifanya kazi, kikijikokota kidogo. Jumatatu kilikataa.

Kwa kawaida, ukiwasha kompyuta, picha ndogo ya kisanduku ilijitokeza kwenye kona ya kioo, nawe ukaifungua. Jumatatu haikutokea. Kisanduku kilikuwa kinawaka taa yake ya kijani na kunguruma ndani kama kawaida, lakini kompyuta ilifanya kama haikijui. Lenah alizima vyote, akangoja, akawasha kisanduku kwanza kisha kompyuta, kwa utaratibu aliofundishwa. Hapakutokea kitu. Alikagua soketi ya ukutani kwa kuchomeka birika. Birika likachemka. Alisukuma ule waya mnene, akakaza skrubu zake. Hapakutokea kitu.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikipumua. Kwenye benchi palikuwa na akina mama watatu waliofika mapema kutoka nyanda za chini za Mbeere, mkubwa wao akiwa Wamuyu, mjane wa miaka sabini hivi kutoka upande wa Kiambere. Walikuwa wametembea sehemu kubwa ya njia. Walikuja kuuliza kama Alhamisi ni kweli, na sasa walikuwa wanatutazama sisi na ile mashine, zamu kwa zamu.

Niliweka mkono juu ya kisanduku. Kilikuwa cha moto, na kile kitambaa cha nyota kilikuwa kimeziba matundu ya kupumulia. Hapo nikapata mtu wa kumlaumu, na nilishukuru kumpata.

Lenah aligeuka akaanza kusema. "Mwalimu, ile kitu ulitoa huko nyuma—"

"Nyamaza," nilimwambia. "Ni hivi vitambaa vyako. Umekipika. Miaka mitatu ya kazi umeipika kwa urembo."

Nilikivuta kitambaa nikakitupa juu ya kikapu cha takataka. Nilisema mengine, kwamba ofisi si sebule, na kwamba aende nyumbani nitamwandikia barua ya kufutwa kazi. Yote haya kwa Kiswahili, kisha, ili akina mama waelewe nani mwenye makosa, nikarudia kwa Kimbeere. Lenah alifunga taipureta ya ofisi kwa kifuniko chake, akachukua mkoba, akawaaga wale akina mama mmoja mmoja kwa mkono, akatoka. Kitambaa alikiokota kwenye kikapu akipita.

Nikabaki na mashine, na kuanzia saa ile nikawa fundi.

Kwanza nilikiacha kisanduku kipoe. Nilikipepea kwa faili. Kikapoa hadi kikawa baridi kama jiwe la mtoni, na bado picha haikutokea. Kwa hiyo haikuwa kitambaa, lakini nilijiambia kwamba kitambaa kilikwisha kuharibu kabla sijakiondoa. Mtu akishatoa hukumu hapendi ushahidi mpya. Jumanne nilibadilisha waya wa umeme na ule wa printa. Nilifuta matundu kwa pamba na spiriti. Niliwasha kompyuta kwanza na kisanduku baadaye, halafu kinyume, halafu vyote kwa mara moja, kidole huku na kidole kule. Niliketi sakafuni suti yangu ikaingia vumbi. Nilisoma kitabu cha maelezo, ambacho kiliniambia niwasiliane na aliyeniuzia.

Nilipiga simu Nairobi kwa fundi mmoja niliyepewa na wafadhili. Aliniuliza kama waya umekaza. Nikasema umekaza. Aliniuliza kama kuna kitu kimebadilishwa. Nikasema, na wakati huo niliamini ninasema kweli, kwamba hakuna kilichobadilishwa. Akasema basi pengine diski imekufa. Mashine ikiniuliza kama naitaka iifute ianze upya, nikubali, angalau nitakuwa nimeokoa kisanduku.

Wamuyu alikuwa hajarudi kwake. Alikuwa analala kwa mpwa wake mjini akingoja Alhamisi, na kila asubuhi alikuja kuketi benchini na kiondo chake, akisuka kamba. Hakuniuliza kitu. Hilo lilinikera kuliko kama angeuliza.

Jumatano karibu saa sita, baada ya kuwasha na kuzima mara ambazo sikuzihesabu, kioo kilibadilika. Haikutokea picha ya kisanduku. Lilitokea swali. Diski hii haisomeki. Je, ifutwe ianze upya? Chini palikuwa na vibonye viwili, cha kukubali na cha kukataa. Siku tatu mashine ilikuwa bubu na sasa ilikuwa inaongea nami. Nilishika kipanya nikapeleka mshale mpaka juu ya kukubali.

Wamuyu aliuliza mashine inasema nini. Nikamweleza. Akauliza yule aliyeandika yuko wapi. Nikasema amekwenda nyumbani.

"Alienda ama ulimfukuza? Mimi nilikuwa hapa," alisema. Aliweka kamba yake chini. "Hiyo maneno si yako ya kufuta, Mwalimu. Hiyo ni maneno yetu, na mkono ni ya yule msichana. Mwulize kwanza."

Aliyasema kwa Kiswahili, polepole, lugha ambayo hakuipenda, ili nisijifanye sikumwelewa. Nilitoa mkono kwenye kipanya. Nikazima kila kitu, nikavaa koti, nikaenda Majimbo kwa miguu.

Njiani nilitunga maneno. Nilikusudia kumwambia kwamba nimekuja kwa sababu ya kazi, si kwa sababu nyingine, na kwamba barua yake bado naifikiria. Mimi ni mtu wa namna hiyo. Hata ninapokwenda kuomba nakwenda kama mkaguzi.

Lenah alinikaribisha bila kushangaa. Alinipa kiti chenye kitambaa, akaniwekea chai juu ya kitambaa. Yeye akaketi kwenye kigoda na kuendelea kufuma kitu cheupe chenye nyota za buluu. Niliona upande mmoja wa kile kitambaa una tundu kubwa, la kupitisha vidole viwili, na kingo zake zimezungushiwa mishono mizito. Nikafikiri, hata kufuma sasa anakosea, ameruka mishono. Nilijisikia afadhali kidogo.

Nilimweleza habari za lile swali la mashine. Sindano ikasimama. Aliniuliza kama nimekubali. Nikasema bado. Akafumba macho, na midomo yake ikatikisika, nadhani alikuwa anashukuru. Kisha aliinuka akaleta daftari lake la hesabu.

Akalifungua ukurasa wa Juni tisini na sita. Hapo palikuwa na mgongo wa kompyuta na mgongo wa kisanduku, mraba kwa mraba, kila skrubu, kila tundu. Waya mnene ulitoka huku ukaingia kule. Na kwenye tundu la pili la kisanduku alikuwa amechora ile plagi, ameipaka wino mweusi, akaandika pembeni kwa herufi ndogo: fundo la mwisho.

Alinionyesha uzi mkononi mwake. Alisema Kaberia alimweleza kwamba maneno yanakwenda kwenye ule waya, yanafika kisandukuni, na yakikosa mahali pa kuishia yanarudi nyuma yakigongana na yale yanayokuja, mpaka kompyuta haielewi tena ni nini kinasemwa. Ile plagi haina waya kwa sababu kazi yake ni kusema hapa ndipo mwisho. Alielewa mara moja, kwa sababu kitambaa nacho ni hivyo. Ufume miezi miwili, usipofunga fundo la mwisho, mtoto akivuta uzi kinafumuka chote.

Niliutazama ule mchoro muda mrefu. Nikaiona tena asubuhi ya wageni, mkono wangu nyuma ya kisanduku, mkebe wa biskuti, na yeye mlangoni na trei. Niliona aibu.

"Ulijua," nilisema.

"Nilianza kukwambia."

"Mbona hukuniambia kwa nguvu?"

Lenah aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu niingie. "Mwalimu, ulisema ninyamaze. Tena mbele ya wamama."

Nilitamani anigombeze. Badala yake alinipa daftari, akaniambia nizime kila kitu kabla ya kuirudisha, na nikaze mpaka isitikisike. Hakuomba chochote. Hakuuliza kuhusu barua. Nami nikaondoka na daftari lake kwapani bila kusema lile neno moja lililostahili kusemwa, nikijiambia kwamba kwanza tuone kama itafaa.

Ofisini nilimwaga mkebe wa biskuti mezani. Plagi ilikuwa chini ya vifungo. Nilizima vyote, nikasogeza kisanduku kutoka ukutani, nikaiingiza nikitazama mchoro, nikakaza. Niliwasha kisanduku, nikahesabu mpaka thelathini, nikawasha kompyuta. Kwenye kona ya kioo picha ndogo ikajitokeza, kimya, kana kwamba haikuwahi kwenda popote. Nilifungua. Majina yote yalikuwepo, kuanzia mkebe wa kwanza mpaka wa mwisho. Nilichapisha orodha nzima kwenye karatasi kabla usiku haujaingia, nakala mbili, nikaketi nikizishika mkononi kama mtu aliyerudishiwa mtoto.

Alhamisi uwanja ulijaa. Akina mama zaidi ya sitini, na wazee wachache. Habari ilikuwa imeshaenea kwamba mashine ilikufa na Mwalimu ameifufua. Walinishika mkono. Mzee Ndambiri, ambaye kwa kawaida haisifu hata mvua, alisema laiti serikali ingekuwa na watu watano kama mimi. Nami nilitabasamu. Naandika hili kwa sababu ni kweli: nilitabasamu, nikasema tunamshukuru Mungu, nikaanza kugawa mbegu nikisoma namba kwa sauti ya darasani. Saa nzima nilifanya hivyo. Kila aliyenisifu nilimwacha anisifu.

Kisha ikafika zamu ya Wamuyu, mkebe namba mia moja na kumi na nane. Nilisoma yaliyoandikwa na Lenah. Mawele ya mapema, wiki tisa. Alipewa na mama mkwe wake mwaka wa njaa, alipokuwa bibi arusi. Udongo mwekundu wenye changarawe. Ndege hawayapendi kwa sababu ya nywele zake. Na mwisho, jambo ambalo hakuna aliyemwagiza aliandike: amekuja na viatu mkononi ili visichakae, mpe maji kwanza.

Wamuyu alisikiliza akitikisa kichwa. Aliupokea mkebe kwa mikono miwili na kuuegemeza kifuani. Hakunisifu. Alinitazama tu, kama alivyokuwa akinitazama siku zile zote kutoka benchini, na nikajua anajua kwamba sijamaliza.

Niliweka orodha juu ya meza. Nikawaambia, kwa Kimbeere, kwa sauti ile ile niliyotumia Jumatatu, kwamba mashine sikuifufua mimi. Niliiharibu mimi. Nilichomoa kitu nisichokijua kwa sababu kilikuwa kinazuia urembo wangu mbele ya wageni, nikamfukuza mtu asiye na hatia, na huyo huyo ndiye aliyenionyesha namna ya kutengeneza. Nikasema jina lake lote, Lenah Karwirwa. Hakuna aliyecheka. Ndambiri alikohoa akaangalia miti.

"Basi nenda kamlete," alisema Wamuyu. "Sisi tutangoja."

Nilikwenda Majimbo kwa mara ya pili. Safari hii sikutunga maneno. Nilisimama mlangoni nikamwambia, "Mama Munene, nimekosea. Nisamehe. Nimewaambia wote." Aliweka mkono kwenye fremu ya mlango. Halafu aliniuliza kama wamama wamekunywa chai. Nikasema sikukumbuka. Akatikisa kichwa, akaingia ndani kuchukua mkoba.

Tulipofika walimpokea kwa vigelegele, akaona haya, akapita upesi akaketi kwenye kiti chake. Kabla ya kugusa orodha alitoa kitu kwenye mkoba. Kilikuwa kile kitambaa cheupe chenye nyota za buluu alichokuwa akikifuma nyumbani. Kilikuwa kifupi zaidi kuliko kile cha kwanza, hakikufika kwenye matundu ya kupumulia. Alikilaza juu ya kisanduku, akakivuta nyuma, na ile plagi isiyo na waya ikapenya katika lile tundu lililozungushiwa mishono mizito, ikakaa humo sawasawa kama kifungo kwenye shati. Hapakuwa na mshono ulioruka.

Nilimuuliza alikianza lini. Alikuwa ameshachukua orodha na alikuwa anamwita mama aliyefuata.

"Jumatatu," alisema. "Nilipofika nyumbani."